Mcheza Kwao Hutuzwa: Pakruok, Tuzo na Swali la Mwenye Maneno

1. Utangulizi

Methali isemayo "mcheza kwao hutuzwa" hutajwa mara kwa mara katika mihadhara ya fasihi simulizi, lakini ni nadra kuchambuliwa kama kauli ya kiuchumi. Ndani yake mna mambo matatu. Kwanza pana mchezo, ambao mchezaji hautilii bei kabla ya kuucheza. Pili pana kwao, yaani mahali ambapo mchezaji na watazamaji wake wanajuana. Tatu pana tuzo, ambayo si mshahara wala si sadaka. Ukiondoa jambo moja kati ya hayo, methali yote huanguka. Mchezaji aendaye ugenini hana hakika ya kutuzwa. Na mchezaji adaiye kiingilio mlangoni hapati tuzo bali malipo, hata kama fedha ni zilezile.

Makala haya yanakusudia kuitumia methali hiyo kama taa ya kumulikia fani moja ya Waluo wa pwani ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, nayo ni pakruok: majigambo yasemwayo na mtu wa hadhira baada ya kutoa fedha ili muziki usimame asikilizwe. Hoja yetu ni kwamba pakruok si pambo la muziki wa nyatiti, wala si hila ya mpigaji ya kujipatia riziki tu. Ndani yake mna nadharia kamili ya namna ya kuyagawa maneno bure bila ya kuyafanya yawe ya ovyo. Nadharia hiyo inapingana na mawazo mawili yaliyoenea katika idara zetu. La kwanza husema kwamba fasihi simulizi ni mali ya jamii nzima, na kwa hiyo haina mwenyewe. La pili husema kwamba kila tungo ina mwenyewe mmoja, na kwamba njia ya kumlinda ni kuifungia tungo yake. Mawazo yote mawili yanatupotosha hasa leo, wakati ambapo kanda zilizorekodiwa vijijini zinageuzwa kuwa mafaili ya kompyuta, na vyuo havina budi kuamua ni nani azisikilize na kwa masharti gani.

2. Kisumu na Kitenzi "Kukusanya"

Si kwa bahati kwamba mjadala huu unaihusu Kisumu. Mwaka 1968 Okot p'Bitek, akiwa mkufunzi wa masomo ya ziada ya chuo kikuu katika mji huo baada ya kuondoka Uganda, alianzisha tamasha la sanaa ambalo liliwaweka wapigaji, waimbaji na wachezaji wa mkoa jukwaani kama wasanii wenye haki ya kusikilizwa. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor Anyumba waliandika mjini Nairobi waraka wao mashuhuri wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Owuor Anyumba mwenyewe alikuwa amekwisha kuandika juu ya nyimbo za maombolezo za nyatiti kabla ya waraka huo. Ndiyo kusema kwamba muziki wa pwani ya ziwa ulikuwamo katika mawazo ya wale walioigeuza mitaala yetu.

Ushindi wa waraka ule ulileta kazi mpya. Fasihi simulizi ilipoingia katika vyuo na baadaye katika shule za sekondari, wanafunzi walitumwa vijijini na vinasa sauti. Kitenzi kilichotumika, na ambacho bado kinatumika, ni "kukusanya". Tukitazame kitenzi hicho kwa makini. Kuni zilizoanguka porini hukusanywa. Hakuna akusanyaye kuni katika uga wa jirani bila ya kubisha hodi. Kwa hiyo neno lenyewe lilikwisha kuamua jambo ambalo lilipaswa kuulizwa kwanza: lilidai kwamba maneno yale yamelala chini, hayana aliyeyatema wala anayeyahitaji.

Hatusemi kwamba wakusanyaji walikuwa na nia mbaya. Kazi yao imeokoa mengi ambayo yangepotea pamoja na wazee waliokufa. Tunasema kwamba nadharia waliyopewa ilikuwa na kasoro. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alikwisha kusisitiza uzito wa utendaji, wa fanani aliye mtu mahususi, na wa hadhira inayoshiriki. Walakini katika makabati ya idara nyingi fanani huyo aligeuka tena kuwa "mzee mmoja wa kijijini", na hadhira haikuandikwa kabisa. Katika pakruok upungufu huo hauvumiliki, kwa sababu nusu ya matini hutungwa na hadhira.

3. Pakruok: Kinachonunuliwa ni Ukimya

Nyatiti ni kinubi cha nyuzi nane. Mpigaji wake, jathum, hukaa juu ya kigoda kifupi, akazipiga nyuzi kwa vidole vya mikono miwili huku akigonga ubavu wa chombo kwa pete ya chuma iliyovikwa kidole gumba cha mguu, na njuga zikilia mguuni. Yeye peke yake huwa mwimbaji, mpiga ala na mpiga ngoma. Tangu zamani amekuwa akialikwa matangani, harusini na katika mikutano ya pombe. Aliyemwalika humlisha, humpa pombe na pengine humwahidi kitu. Lakini sehemu muhimu ya pato lake hutoka uani, kwa watu wasiomwalika.

Pato hilo hupatikana hivi. Katikati ya wimbo mtu hunyanyuka, akatoa fedha. Nyuzi hunyamaza au hushuka. Mtu yule hujitaja kwa majina ya sifa, kwa nasaba, kwa mahali atokako, kwa mkewe au rafiki yake, kwa sitiari za wanyama, samaki, silaha na miti. Akimaliza, muziki hurudi. Huenda mwingine akatoa fedha papo hapo ili amjibu, naye wa tatu akamtania wa pili. Jathum huyadaka baadhi ya majina hayo na kuyasuka ndani ya ubeti unaofuata. Asili ya neno lenyewe inaeleza jambo hili: katika Dholuo "pako" ni kusifu, na "pakruok" ni kitendo cha kujisifu mwenyewe.

Ili msomaji asiyeifahamu fani hii aione sura yake, tutunge mfano wetu wenyewe, usio wa mtu yeyote: "Mimi ni ngege mzee wa Ghuba ya Winam, nyavu zanijua kwa jina, mimi ni shemeji wa watu wa Seme, niliyevuka maji usiku na mwezi ukanishikia taa, yule aliyeketi karibu na mlango, aliyenisomesha mwanangu, jina lake lisemwe kabla ya langu." Maneno hayo yanaonyesha tabia tatu za fani. Kuna sitiari inayotokana na mazingira ambayo kila msikilizaji anayajua. Kuna mahali na ukoo, ambao humfunga msemaji asiweze kusema uongo mkubwa, kwani mashahidi wameketi hapohapo. Na kuna deni: mtu hununua nafasi ya kujisifu, kisha huitumia kumlipa mwingine kwa sifa.

Sasa tutazame upande wa uchumi. Ni kitu gani kinachouzwa? Haiwezekani kuwa ni wimbo, kwa maana wimbo husikiwa na kila aliyemo uani, pamoja na watoto na maskini walio nje ya ua, bila ya yeyote kudaiwa. Asiyetoa chochote hafukuzwi. Kinachouzwa ni ukimya wa wimbo, yaani nafasi finyu ambayo ndani yake mtu mmoja husikilizwa na wote. Muziki ni mwingi, nao hugawiwa bure. Kusikilizwa ni adimu, nako hulipiwa. Jathum hajipatii riziki kwa kuwazuia watu wasisikie. Huipata kwa sababu wengi wamesikia, na wamekuja, na macho yao yapo pale. Kadiri anavyougawa wimbo kwa watu wengi zaidi ndivyo thamani ya ukimya wake inavyopanda.

Hii ni kanuni ambayo wataalamu wa uchumi wa nchi zenye viwanda wameianza kuijadili kwa bidii katika miaka ya karibuni, walipoona kwamba kitu kinachonakiliwa kwa urahisi hakizuiliki kirahisi. Uani mwa Waluo kanuni hiyo ilikwisha kuwa desturi, na kila mtu aliyefika matangani aliijua bila ya kufundishwa.

Tusiipambe fani hii kupita kiasi. Mwenye fedha nyingi husema mara nyingi, na asiyenazo huweza kukaa kimya usiku kucha. Mara nyingi pia wanasiasa na wafanyabiashara wameutumia mlango huu kujinunulia sifa. Lakini ndani ya fani mna dawa mbili za ugonjwa huo. Ya kwanza ni kwamba mtu aweza kulipa ili mwingine asifiwe, na hivyo maskini huingia katika wimbo kwa mkono wa rafikiye. Ya pili ni jibu: aliyejitukuza mno hutaniwa dakika ileile, na kicheko cha uani humshusha. Sifa hununuliwa, lakini kuaminiwa hakununuliwi.

4. Tuzo katika Pwani Mbili

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atakuwa amekwisha kuukumbuka ukumbi wa taarabu. Pale nako mtu hunyanyuka wakati wimbo unaendelea, akaenda mbele kwa madaha, akamtuza mwimbaji. Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002 juu ya muziki na siasa za utamaduni Tanzania, ameeleza kwa kirefu jinsi tendo hilo linavyobeba ujumbe: atuzaye huuchagua mshororo maalumu, akautolea fedha, na kwa kufanya hivyo huuelekeza kwa hasimu wake, kwa mume wake au kwa jirani yake. Mwenye kulengwa huelewa.

Mfanano ni dhahiri, lakini tofauti ndiyo yenye faida kwetu. Mtuzaji wa taarabu huazima maneno ya mtunzi. Hasemi neno, fedha zake ni kidole kinachoonyesha. Ubeti hubaki ulivyotungwa, ila maana yake hubadilika kila anapotokea mtuzaji mpya. Mwenye pakruok hutoa maneno yake mwenyewe, na maneno hayo huingia katika wimbo. Katika taarabu hadhira ni mfasiri. Katika nyatiti hadhira ni mtunzi mwenza. Katika fani zote mbili wimbo haulipiwi kama bidhaa iliyokwisha. Hulipiwa kama uwanja ambamo mtu hufanya jambo lake.

Tuzo ya aina ya tatu iko katika tenzi za pwani. Mtunzi wa utenzi aliandika akijua kwamba kazi yake itanakiliwa kwa mkono na watu asiowajua, naye hakuwazuia. Aghalabu katika beti za mwisho alilitaja jina lake, pengine na nasaba na mwaka, akaomba msamaha kwa makosa, akamwomba msomaji amwombee dua. Hilo lilikuwa dai lake la pekee. Nakala ilikuwa bure. Jina na dua vilikuwa deni. Mnakili aliyeziacha beti hizo alikuwa amemdhulumu mtunzi hata kama hakuchukua senti.

Turudi ziwani tukaone jambo hilohilo katika hadithi za siwindhe, nyumba ya bibi walimolala watoto na kusimuliwa ngano. Msimuliaji hufunga kwa kusema "thu tinda", kisha hujiombea akue awe mrefu kama mti wa nyumbani kwa mjomba. Hadithi imetolewa bure, lakini msimuliaji haondoki mikono mitupu: hujilipa kwa baraka aliyojitamkia mbele ya mashahidi.

Pakruok, tuzo ya taarabu, dua ya utenzi na baraka ya siwindhe zinatufunza jambo moja. Marcel Mauss, katika utafiti wake wa mwaka 1925 juu ya zawadi, alionyesha kwamba zawadi huenda na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Wasanii wetu wanaongeza la nne, nalo ni kutaja. Kwao zawadi isiyo na jina haihesabiki kuwa zawadi. Ni kitu kilichookotwa.

5. Kanda, Sahani na Sheria

Ni kitu gani hutokea wimbo unapotoka uani ukaingia katika kanda? Kwa mtazamo wa pakruok, mambo mawili hubadilika. Ukimya ulionunuliwa kwa dakika moja sasa unadumu miaka, na mlango wa jibu hufungwa. Aliyejisifu katika sahani hawezi kutaniwa ndani ya sahani ileile. Ndiyo sababu sifa za walezi wa muziki zilizotiwa katika nyimbo za benga na ohangla huzeeka vibaya kuliko zile za uani: zimebaki na fahari, zimepoteza kicheko.

Jambo la pili ni jina. Katika miaka ya 1970 mfanyabiashara Phares Oluoch Kanindo alitoa sahani nyingi za benga, zikasambaa kusini hadi Zimbabwe. Huko muziki huo uliitwa "kanindo", kwa jina lake. Na moja ya nembo zake, Sungura, ililipa jina tawi mashuhuri la muziki wa Zimbabwe. Neno la Kiswahili na jina la mwenye biashara vilivuka mipaka. Majina ya wapiga gitaa wengi hayakuvuka. Hatumlaumu Kanindo, ambaye bila ya juhudi zake huenda muziki wenyewe usingefika. Lakini tukipima kwa mizani ya pakruok, tuzo ya kutajwa ilimwendea aliyebeba sahani, na waliozijaza sauti wakabaki katika herufi ndogo.

Sheria nayo inaelekea upande huohuo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda kazi ya muziki au ya fasihi katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa sharti kwamba imeandikwa, imerekodiwa au imewekwa katika umbo la kushikika. Na mtunzi wa rekodi ya sauti, kwa maana ya sheria hiyo, ni yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Ni kweli kwamba sheria ileile inampa mtendaji haki zake, na jathum akirekodiwa anaweza kuzidai. Je, yule mtu wa uani aliyenyanyuka na kusema maneno matatu ya kupendeza kuliko wimbo mzima? Alikuwa hewani, hakuandika, hakupanga kurekodi. Yeye alitoa fedha ili asikilizwe, na kumbe amemtungia mwenye kinasa sauti.

Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni ilikuja kuziba pengo kwa kuipa jamii haki. Anayetaka kuzitumia semi hizo nje ya desturi hana budi kupata idhini, na asili yake itajwe. Hatua hiyo ni njema. Hata hivyo inarudi katika lile wazo la kwanza tulilolikosoa: mwenye maneno ni jamii. Pakruok si ya jamii kwa maana hiyo. Mbinu ni ya wote, lakini kila tamko lina mtu wake, tena mtu aliyelipia. Kumwambia mjukuu wake kwamba maneno ya babu ni ya Waluo wote ni kumfuta babu mara ya pili.

Wimbo "Kothbiro" unaonyesha jinsi njia ilivyo ndefu. Uliimbwa na bendi ya Black Savage katika miaka ya 1970. Ayub Ogada, mpiga nyatiti aliyefariki mwaka 2019, aliuimba kwa nyatiti katika albamu yake ya mwaka 1993. Mwaka 2005 ukasikika katika filamu The Constant Gardener. Na mwaka 2018 kipande cha rekodi ya Black Savage kikatumiwa na Kanye West wa Marekani, watunzi wakatajwa. Hapa sheria ilifanya kazi yake, kwa kuwa wimbo ulikuwa na bendi, sahani na majina. Wimbo usio na karatasi hauna mtu wa kupigiwa simu.

Mjini Kisumu, tangu viwanda vya minofu ya mbuta viliposhamiri, minofu imekwenda ng'ambo na mifupa imebaki kuuzwa mitaani kwa jina la "mgongo wazi". Watu huikaanga na kuila, nayo ina ladha yake. Lakini tusijidanganye kwamba kilichobaki ndicho samaki. Makala za kitaalamu juu ya nyimbo za ziwa zimechapishwa kwa wingi katika majarida ambayo mwalimu wa Ahero au Kendu Bay hawezi kuyafikia bila ya kulipa kwa fedha za kigeni. Yeye na wanafunzi wake wamebakiwa na mgongo wazi wa fasihi yao wenyewe.

6. Jembe Lililolima Lenyewe

Wapo waliojaribu kuugeuza mwelekeo huo. Asenath Bole Odaga, aliyeishi kutoka 1937 hadi 2014, hakungoja wachapishaji wa Nairobi au London. Alianzisha kampuni yake ya uchapishaji mjini Kisumu, akaziandika ngano kwa Kiingereza na kwa Dholuo, na akautumia mwisho wa hadithi, Thu Tinda, kuwa jina la kitabu. Mhakiki mkali atauliza: ngano za bibi zilikujaje kuwa na hakimiliki ya mtu mmoja? Swali ni la haki, lakini jibu liko katika mahali. Odaga aliuza palepale alipopokea, mbele ya watu walioweza kumsahihisha. Alikuwa mcheza kwao.

Grace Ogot alikwenda mbali zaidi kwa upande wa fani. Riwaya yake Miaha, iliyotoka kwa Dholuo mwaka 1983 na kufasiriwa kwa Kiingereza na Okoth Okombo mwaka 1989, imejengwa juu ya kisasili cha zamani: Mungu aliwapa watu jembe ambalo hulima lenyewe, wao kazi yao ilikuwa kulipeleka shambani tu, bibi harusi mgeni akavunja sharti, akalishika akalima kwa mikono yake, tangu siku hiyo binadamu hula kwa jasho.

Wengi hukisoma kisasili hicho kama hadithi ya kosa la mwanamke. Tunapendekeza kisomwe pia kama hadithi ya zawadi. Jembe lilitolewa bure kabisa, hakuna aliyelipa. Lakini halikutolewa bila ya sharti. Sharti halikuwa bei. Lilikuwa namna ya kulipokea. Zawadi iliharibika pale mpokeaji alipoishika kama kwamba ni yake bila ya kumkumbuka mtoaji. Lakini Ogot hamfanyi bibi harusi awe mjinga: tendo lake linaleta taabu, na taabu hiyo ndiyo inayowafanya watu wawe wenye kazi na wenye jina. Kadhalika mwandishi mwenyewe. Alipokea hadithi ya wote akailima kwa mikono yake, na kutokana na kazi hiyo riwaya ikawa yake. Kisasili hakikupungua. Bibi yeyote wa Asembo aweza kukisimulia leo usiku bila ya kumwomba mtu ruhusa. Huo ndio mpaka unaofaa: kazi iliyoongezwa ina mwenyewe, chemchemi haina kufuli.

7. Wajibu wa Idara

Haya yote yanatudai nini sisi wenye idara? Mwaka 2012 kitabu cha Finnegan, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kimeadimika madukani, kilitolewa upya na wachapishaji wa Open Book wa Cambridge kisomwe bure na yeyote mwenye intaneti, baada ya wasomaji kuchanga fedha za kazi hiyo. Kwa maneno ya uani, watu walitoa fedha si ili wao peke yao wasome, bali ili wote wasome. Mwanafunzi wa Maseno sasa anacho kitabu ambacho mwalimu wake huenda hakukiona. Tendo hilo linathibitisha kwamba mfano wa pakruok unaweza kutoka uani ukafika chuoni: mchango hulipwa mara moja, matunda yakawa ya umma.

Walakini kuzifungua kanda za vijijini si sawa na kukifungua kitabu cha mtaalamu. Finnegan aliridhia, na jina lake liko jaladani. Wale waliorekodiwa wengi wao hawakuulizwa, na majina yao hayapo. Anayezimwaga kanda hizo hadharani kwa jina la uhuru wa maarifa atakuwa anatoa zawadi kwa mali ya mwingine. Na anayezifungia kabatini kwa jina la ulinzi atakuwa ameukalia wimbo uliotolewa bure. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini moyo huo hutoa kilicho chake.

Basi tunapendekeza utaratibu ufuate mantiki ya fani yenyewe. Kwanza ni kutaja: kila kanda itafutiwe jina la jathum na, kila iwezekanapo, majina ya waliosema pakruok ndani yake, pamoja na mahali na mwaka. Majina hayo mara nyingi yamo ndani ya sauti yenyewe, kwa kuwa pakruok ni sanaa ya kujitaja. Kinachokosekana ni msikilizaji ajuaye Dholuo na mwenye subira. Kisha nakala zirudi nyumbani kabla hazijakwenda pengine, nao wenyewe waamue. Familia ikitaka kanda inyamaze, inyamaze. Katika fani hii ukimya una thamani, na mwenye haki nao ni yule aliyeulipia. Ikiridhia, kusikiliza kuwe bure kwa wote, na atakayetaka kuutia wimbo katika filamu au tangazo alipe, na fungu lifike uani.

La mwisho ni jibu. Hifadhi ya sauti iwe na nafasi ambapo mjukuu, mwanafunzi au mpigaji wa leo ataongeza neno lake juu ya neno la zamani, likatunzwa pamoja nalo. Bila ya jibu tutakuwa tumehifadhi majigambo na kuua mazungumzo. Nasi wenyewe tukiandika juu ya fani hizi, muhtasari wa Dholuo au wa Kiswahili unaosomeka bure ni kodi ndogo kwa waliotulisha.

Yapo mapingamizi. Litakaloulizwa kwanza ni la riziki: wimbo ukigawiwa bure, jathum atakula nini? Mkono mtupu haurambwi. Tunajibu kwamba jathum hakuwahi kuishi kwa kuufungia wimbo, bali kwa kuwapo. Lakini tunakiri kwamba jibu hilo lina mpaka. Tuzo hufanya kazi palipo na kwao, watu wakiwa macho kwa macho. Msikilizaji wa Tokyo au wa Chicago hayumo uani. Hawezi kutaniwa wala kuaibishwa kwa uchoyo wake. Kwake yeye mila haitoshi, na sheria ina kazi. Kosa ni kuitumia sheria ya ugenini kuwafungia mlango watu wa nyumbani, au kuitumia desturi ya nyumbani kuwapa wageni ruhusa ya kuchota bila ya kutaja.

8. Hitimisho

Tumeeleza kwamba pakruok huugawa wimbo bure na kuuza nafasi ya kusikilizwa. Kwamba inafanana na tuzo ya taarabu, dua ya utenzi na baraka ya siwindhe kwa kudai jina badala ya bei. Na kwamba kanda na sheria, kwa njia zake mbalimbali, zimelitenga jina na sauti. Kutokana na hayo tumekataa kuchagua kati ya mali ya wote isiyo na mtu na mali ya mmoja iliyofungiwa.

Uhakiki wa fasihi simulizi umezoea kuuliza: maana ya wimbo huu ni nini, na fani yake imejengwaje? Umefika wakati wa kuongeza swali jingine mbele ya kila matini tuichambuayo darasani: ni nani aliyelipa ili maneno haya yasikiwe, naye ametajwa wapi? Zipo kanda ambazo majibu yake bado yanaishi katika vichwa vya wazee wa Alego, Nyakach na Karachuonyo. Wazee hao hawatatungoja. Kazi ya kuwasikilizisha kanda hizo na kuyaandika majina ianze sasa, wangali wanaweza kusema, "Huyo ni fulani, na aliyemjibu ni ndugu yangu."